Mtungi wa Nyanzala na Jiwe la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mmh! Pakawa gani hiyo ya watu waliovimbiwa viazi? Kuna msiba humu ndani? Hebu tena, mtu aitikie kwa tumbo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe unayechokonoa moto, weka hicho kijiti chini. Cheche ikiruka ikanitoboa khanga nakata hadithi katikati, na mnanijua sina utani. Leo nawapa hadithi ya ukoo wangu. Nitajisifu, tena nitajisifu sana, na asiyependa mlango uko wazi.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipoishi kijiji kimoja, wakasalimiana asubuhi na kugombana jioni, kulikuwa na kijiji kinaitwa Igandwe. Igandwe hapakuwa na mto. Palikuwa na bwawa moja tu, na ukuta wa mawe ulioyazuia maji yasitorokee bondeni. Mwenye bwawa alikuwa Mtemi Kiboko.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kiangazi kikianza, kila nyumba inaleta jiwe moja la kuongeza ukutani. Kisha kila asubuhi, mpaka mvua irudi, nyumba ile inachota maji yaliyo sawa na ukubwa wa jiwe lake. Jiwe dogo, maji kidogo. Jiwe kubwa, maji mengi. Anayejenga sana anywe sana. Desturi nzuri au siyo?

Nzuri, bibi!

Nzuri, ndiyo. Sasa niambieni, ukubwa wa jiwe utaujuaje? Jiwe halikuchongwa na fundi. Lina nundu huku, lina shimo kule, lina mgongo, lina kitambi. Utalipimia wapi?

Hamjui. Na watu wa Igandwe nao hawakujua, ila walijidanganya kwamba wanajua. Mpimaji wao alikuwa Korongo, yule wa miguu mirefu na shingo ndefu, na alikuwa na mwanzi wake. Jiwe likiletwa linasimamishwa wima. Mwanzi unasimamishwa pembeni yake. Korongo anahesabu pingili. Pingili moja, kibuyu kimoja. Pingili mbili, vibuyu viwili. Basi, kazi imekwisha.

"Kirefu ndicho kikubwa!" Korongo alikuwa akitangaza, huku ameinyoosha shingo. Na wewe ungekuwa na shingo ile ungesema nini tena?

Sasa pale kijijini alikuwepo mwanamke anaitwa Nyanzala. Mfinyanzi. Bibi yake bibi yangu, msisahau. Mumewe Masele alikuwa amefariki, kaburi lake liko nyuma ya nyumba, na Nyanzala alikuwa anakaa na mama mkwe wake, Bibi Mbula, mzee ambaye miguu ilikuwa imemkataa kabisa. Huyu Nyanzala msije mkadhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo! Akimaliza kufinyanga chungu anakigonga kwa kidole, kinalia ngo! Naye anasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, anapaza sauti:

"Nimefinyanga mimi! Chombo changu hakivuji!"

Semeni na nyinyi, mnisaidie.

Chombo changu hakivuji!

Ee, hivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa anamsikia kutoka ndani, anaguna. Bibi Mbula alikuwa mtu wa kuguna. Miaka yote hakuwahi kumwita Nyanzala kwa jina lake. Alimwita "mke wa mwanangu." Mke wa mwanangu, leta uji. Mke wa mwanangu, geuza mkeka. Nyanzala alikuwa anaitika, lakini ilikuwa inamuuma.

Kiangazi kikafika. Kila nyumba ikaleta jiwe. Nyanzala alilichagua lake vizuri, jiwe nene lenye kitambi, akajitwika juu ya ngata, shingo ikaingia mabegani, akafika nalo bwawani akihema. Watu wakampisha.

Korongo akasimamisha mwanzi. "Pingili moja. Nyumba ya marehemu Masele, kibuyu kimoja!"

"Kimoja?" Nyanzala akashangaa. "Bwana Korongo, umeliangalia vizuri? Nusura lingenivunja shingo!"

"Shingo yako si kipimo. Mwingine!"

Mwingine alikuwa nani? Fisi. Akaja anatembea kwa madaha, na jiwe lake ameliweka kwapani. Kwapani, jamani! Jiwe lenyewe refu, lakini jembamba, limelala bapa kama ubao. Akalisimamisha kwa mkono mmoja. Korongo akahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Nyumba ya Fisi, vibuyu vinne!"

Fisi akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Mama Vyungu, pole. Ukipata kiu uje kwangu, tutaongea."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo roho ya hadithi ilipo. Kibuyu kimoja kwa siku kwa watu wawili, na bado udongo unataka maji, maana bila maji hakuna ufinyanzi, na bila vyungu Nyanzala hana cha kubadilisha na mtama. Nyumba ikikosa maji Igandwe, inahama kwenda Mto Mkuu, safari ya jua na miiba. Nyanzala angefika. Bibi Mbula asingefika. Na hata kama angepatikana wa kumbeba, mzee alikuwa ameshasema kwamba yeye hawezi kuliacha kaburi la mwanawe. Kwa hiyo kile kibuyu kimoja kilikuwa kimebeba uhai wa mtu.

Nyanzala akaenda moja kwa moja mbele ya Kiboko. "Mtemi, nimeonewa. Jiwe langu ni kubwa kuliko la Fisi."

"Mwanzi umesema."

"Mwanzi umepima urefu tu. Mimi nitawaonyesha ukubwa."

Akachukua kamba, akaizungusha kwenye kitambi cha jiwe lake. "Haya, tuone la Fisi lina kiuno gani!" Fisi, mjanja yule, akaichukua kamba mwenyewe, akaipitisha juu ya jiwe lake na chini yake, kwa urefu wake wote. Kamba ya Fisi ikawa ndefu zaidi. Watu wakaangua kicheko.

Nyanzala hakukata tamaa. Akaburuta mti mrefu, akaulaza katikati juu ya gogo, akafunga jiwe lake upande huu na la Fisi upande ule. La kwake likashuka chini puu! La Fisi likabaki linaning'inia hewani.

"Mmeona? Mmeona au hamkuona?"

Korongo akakohoa. "Leteni kapu la pamba. Leteni na nyundo ya mhunzi." Vikaletwa, vikafungwa kwenye mti ule ule. Nyundo ikashuka, kapu likapaa. "Niambie, Nyanzala. Nyundo ni kubwa kuliko kapu?"

Nyanzala akalitazama kapu linavyoning'inia juu.

"Nyundo ni nzito, lakini si kubwa. Desturi yetu ni ukubwa wa jiwe, haijasema uzito."

Na hapo jamani, mimi ni mtu wa haki, Korongo alisema kweli. Uzito ni kitu kingine na ukubwa ni kitu kingine. Hata Nyanzala mwenyewe aliliona hilo, ikamkera zaidi.

Kiboko alikuwa amesimama juani muda wote huo, ngozi imeanza kupasuka. "Nyanzala, umenichosha. Nakupa nafasi moja ya mwisho. Ukishindwa, hata kile kibuyu kimoja nakufutia, na utafunga mizigo yako. Sasa nipisheni, naungua."

Akakimbia, akajitupa bwawani. Tubwi!

Nyanzala alikuwa amekaa ukingoni, ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga. Mara akahisi ubaridi miguuni. Akaangalia. Maji yalikuwa chini, sasa yamepanda, yamemfunika vidole. Kiboko ameingia, maji yamepanda. Kisha Korongo naye akaingia kupoza miguu. Akatembea hadi katikati, mrefu huyo, anakaribia kugusa mawingu. Nyanzala akaangalia vidole vyake. Maji hayakupanda hata kidogo.

Akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu.

"Unamcheka nani?" Kiboko akauliza kwa ukali.

"Simcheki mtu, Mtemi. Naucheka mwanzi. Naomba kitu kimoja tu. Toka majini, na Bwana Korongo atoke, mpimane."

Wakatoka. Mwanzi ukasimamishwa kando ya Kiboko, kisha kando ya Korongo. Korongo alikuwa amempita Kiboko kwa pingili, tena si moja.

"Bwana Korongo," Nyanzala akasema kwa sauti tamu, "kirefu ndicho kikubwa. Haya, tutangazie. Nani mkubwa hapa?"

Korongo akautazama mwanzi, akamtazama Mtemi.

"Tangaza," Kiboko akasema polepole. "Na mimi nataka kusikia."

Korongo akameza mate, na kwa shingo ile kila mtu aliyaona mate yanavyoteremka. "Mwanzi... nadhani mwanzi leo umepigwa na jua, Mtemi."

Watu walicheka sana, na Kiboko akacheka kuliko wote. Kisha akamgeukia Nyanzala. "Sema ulichokiona."

"Mtemi, wewe ulipoingia, maji yalikupisha. Kitu kikizama, maji yanakipa nafasi, na yanayohama ni sawa sawa na mwili uliozama, kitambi na nundu na kila kitu. Mimi nitafinyanga mtungi wenye mdomo pembeni. Nitaujaza mpaka mdomoni. Tukizamisha jiwe, maji yatakayotoka mdomoni ndiyo ukubwa wa jiwe. Tunayakinga kwenye vibuyu, tunahesabu. Hapo hakuna refu wala fupi."

Fisi akaruka. "Mtungi gani utameza jiwe langu? Refu vile? Hakuna mfinyanzi aliyewahi kufinyanga mtungi wa namna hiyo. Utapasuka motoni!"

Nyanzala akaweka mikono kiunoni. Akasema nini?

Chombo changu hakivuji!

Ndiyo, alisema! Lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa anaupimapima mtungi ule hewani kwa mikono, hofu imemshika, maana Fisi, pamoja na ubaya wake wote, hakusema uongo. Mtungi mrefu wa kumeza jiwe la Fisi na mpana wa kumeza jiwe lake mwenyewe, hata mama yake Nyanzala hakuwahi kuufinyanga.

Akamkuta Bibi Mbula ameshasikia yote. Habari Igandwe zilikuwa na mbio.

"Mke wa mwanangu, mdomo wako umetufikisha pabaya."

"Ndiyo, Mama."

"Na maji ya kukanda udongo utayatoa wapi?"

Kibuyu cha siku ile kilikuwa kimesimama karibu na kitanda cha mzee, kwa sababu kila siku Nyanzala alikuwa anampa mkwewe kwanza, yeye anakunywa kilichobaki.

Bibi Mbula akakisukuma kile kibuyu kwa fimbo yake. "Chukua. Kamwage kwenye udongo."

"Mama! Na wewe utakunywa nini?"

"Nitakunywa kesho. Ukishindwa sitakunywa kabisa, kwa hiyo tofauti iko wapi? Ondoka hapa, udongo haukandwi kwa kunitazama."

Nyanzala akatoka na kibuyu kile amekikumbatia, akalia njia nzima. Siku zilizofuata vibuyu vyao viligawanywa hivyo hivyo, udongo ukinywa kwanza, wao baadaye, midomo ikawapasuka wote wawili.

Mtungi akaufinyangia pale pale bwawani, watu wote wakiona. Akasaga vigae vya vyungu vya zamani, akavichanganya na udongo ili usipasuke. Akaviringisha udongo kwa viganja, akapandisha ukuta wa mtungi mkunjo juu ya mkunjo, akilainisha kwa gunzi, akisugua kwa kijiwe. Akiuacha ukauke kidogo, akiongeza. Mtungi ukafika magotini. Ukafika kiunoni. Ukapita kiunoni! Pembeni, chini kidogo ya ukingo, akatoboa, akabandika mdomo wa kumiminia. Akaufunika kwa majani ukauke kivulini taratibu. Fisi alikuwa anapita kila siku kuuangalia, na kila siku uso unazidi kumsinyaa.

Siku ya kuuchoma, akauzungushia kuni, samadi na nyasi, akawasha. Moto uliwaka, moshi ukapanda, ukasikika mlio ndani, pa! Watu wakasema, tayari, umekwisha. Nyanzala alikaa chini akafunika uso. Moto ulipolala akaondoa majivu kwa tawi, akaugonga mtungi kwa kidole.

Ngo!

Ulikuwa mlio mzima wa mtungi mzima. Kilichopasuka ni kuni tu. Wazee wa Igandwe walishika vichwa, na kina mama wakapiga vigelegele, maana walijua kazi waliyoiona. Basi hebu tulieni kidogo na nyinyi mfurahi. Mwanamke wa ukoo wangu, na kibuyu cha mzee mwenye kiu, aliusimamisha mtungi ule. Mnataka nini tena?

Siku ya kupima, Igandwe yote ilikuja. Bibi Mbula aliletwa na kitanda chake, wanaume wanne wamembeba, anaguna tu. Mtungi ulikuwa umekaa juu ya mafiga. Wakaujaza kibuyu kwa kibuyu, na kila kibuyu kilikuwa cha maji ya Mtemi mwenyewe. Maji yakapanda, yakafika kwenye mdomo wa pembeni, yakaanza kumiminika.

"Subirini," Nyanzala akasema. "Acheni yatoke ya ziada. Mpaka tone la mwisho."

To. To... To.

Yakakoma. Mtungi umejaa mpaka mdomoni, si zaidi, si pungufu.

"Sasa twendeni ukutani tukayalete mawe," Kiboko akaamuru. Watu wote wakaelekea ukutani kuyang'oa.

Fisi akasema, "Nendeni tu. Mimi mguu unaniuma. Nitalinda mtungi."

Mguu unamuuma! Na nyinyi mngemwachia?

Hapana!

Basi wao walimwachia. Mawe yakaletwa, yakawekwa chini. Nyanzala akaukaribia mtungi, akachungulia. Akaokota kokoto, akalidondosha ndani. Kwenye mtungi uliojaa mpaka mdomoni, hata kokoto hilo lingetoa matone mawili matatu. Lakini mdomo haukutoa kitu.

"Haa!" Fisi akapiga kelele. "Maji yamepungua! Niliwaambia mimi! Mtungi wake unavuja! Mtemi, ameshindwa, afunge mizigo!"

Watu wakaanza kunong'ona. Kiboko akakunja uso. "Nyanzala. Ni kweli maji yamepungua?"

"Ni kweli, Mtemi."

Bibi Mbula alikishika kitanda kwa mikono yote miwili. Nyanzala akauzunguka mtungi, anaupapasa tumbo lote kwa kiganja, juu mpaka chini. Akapiga magoti, akaingiza mkono kati ya mafiga, akachota mchanga uliokuwa chini ya mtungi, akasimama nao. Akaupeperusha mbele ya watu wote. Ukaruka vumbi.

"Mchanga huu ni mkavu!" akasema, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bwawa. "Shikeni wenyewe! Nimefinyanga mimi. Mimi najua nilichotia humu. Chombo changu hakivuji! Kwa hiyo maji yale yamenywewa."

Watu wakatazamana. Hapo Korongo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akaiinamisha shingo yake. Akaishusha, akaishusha, mpaka jicho likawa usawa wa kidevu cha Fisi.

"Fisi," akasema, "mbona ndevu zako zinadondosha maji?"

To. To. To.

Fisi akafuta kidevu. Amechelewa. Igandwe yote ilikuwa imeona, na aibu aliyoipata siwezi kuisimulia yote kwa usiku mmoja. Kiboko alimtazama tu, akasema, "Jazeni tena. Na safari hii Korongo alinde."

Wakajaza tena. Korongo akasimama pale kimya, ameinama, jicho usawa wa mdomo wa mtungi, mpaka tone la mwisho likadondoka. "Tayari," akasema kwa sauti ndogo.

Jiwe la Fisi likafungwa kamba nyembamba. "Mkono usiingie majini," Nyanzala akaonya, "mkono nao unakula nafasi." Wakaliteremsha wima, likazama lote, ncha ikapotea chini ya maji. Mtungi ukalimeza jiwe refu lile, na matumaini ya Fisi yakazama nalo! Mdomo ukamimina ndani ya kibuyu. Ukamimina, ukalegea, ukadondosha, ukakoma. Watu wakachungulia.

Kibuyu hakikujaa.

"Vibuyu vinne!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kilichofuata kilitikisa ukuta wa bwawa.

Jiwe likatolewa, mtungi ukajazwa upya, tone la mwisho likasubiriwa. Jiwe la Nyanzala likafungwa, watu wawili wakaishika kamba, likateremka. Mdomo ukabubujika. Kibuyu cha kwanza kikajaa! Kikaondolewa, cha pili kikawekwa. Hebu hesabuni na mimi.

Kimoja!

Enhe!

Viwili!

Enhe!

Vitatu!

Vitatu! Vya kujaa mpaka shingoni! Jiwe la pingili moja lilitoa vibuyu vitatu, na jiwe la pingili nne halikujaza hata kimoja. Korongo alikitazama kibuyu cha tatu, akautazama mwanzi wake, akauvunja kwa goti na kuutupa kwenye majivu. Kisha akavuta pumzi atangaze, maana kazi yake bado ilikuwa kutangaza.

"Nyumba ya marehemu Masele, vibuyu—"

"Hapana!"

Wote wakageuka. Bibi Mbula alikuwa ameinuka kwenye kitanda chake, amejishikiza kwa fimbo, miguu inatetemeka lakini amesimama.

"Tangaza vizuri, Korongo. Hiyo ni nyumba ya Nyanzala. Masele alikuwa mwanangu, Mungu amrehemu, na huyu ni mwanangu pia. Mwanangu Nyanzala! Mmemwona? Mmeona alichofinyanga?"

Nyanzala, yule mwenye mdomo, yule wa mikono kiunoni, siku hiyo alisahau kabisa kujisifu. Alimfuata mama mkwe wake, akamshika asianguke, akakileta kibuyu cha kwanza akamnywesha. Mzee akanywa, akapumua, akanywa tena. Korongo akaitangaza nyumba ya Nyanzala kwa sauti yake yote, na vigelegele vikapanda mpaka wachungaji waliokuwa mbali wakarudisha mifugo kuja kuuliza kuna harusi ya nani.

Mawe yote ya kijiji yakapimwa upya kwa mtungi. Ndipo Kiboko akatambua kwa nini ukuta wake ulikuwa unachuruzika kila kiangazi. Watu walikuwa wamezoea kuleta mawe marefu membamba ya kumfurahisha mwanzi, na mawe membamba hayazuii maji. Walilalamika waliopunguziwa, lakini mwaka uliofuata kila nyumba ilileta jiwe nene, na ukuta ukanyamaza.

Fisi hakuhama. Alibaki na maji yake yasiyojaza kibuyu, na kila akipita watu wakimtazama kidevu anacheka-cheka kuficha aibu. Mpaka leo anacheka. Na Korongo? Ukimwona amesimama majini, hatikisiki, shingo ameiinamisha, jicho liko usawa wa maji, usidhani anatafuta samaki peke yake. Anasubiri tone la mwisho, asije akatangaza tena jambo asilolipima.

Sasa mtaniuliza mtungi uko wapi. Najua mtaniuliza, nyinyi hamwamini kitu. Geukeni. Huo hapo nyuma yenu, pale pembeni, wenye mdomo ubavuni. Mama mkwe alimwachia Nyanzala nyumba, Nyanzala akamwachia mtungi binti aliyempata baadaye, ukaja hivyo hivyo mpaka kwangu. Maji mliyokunywa leo baada ya viazi yametoka humo. Haya, inukeni mmoja mmoja, mpapase mchanga ulio chini yake, kisha mseme kwa sauti mlichokikuta.

Mkavu, bibi! Chombo chake hakivuji!

Tone la mwisho limedondoka, na hadithi yangu imeishia kwenye mdomo wa mtungi. Nendeni mkalale.